Krimu ya pumu ya ngozi hununuliwa kwa uzito

Kila anayemwona mwanangu ana jina la krimu mdomoni. Kondakta wa daladala, mama wa kwenye foleni ya benki, mgeni wa msibani ambaye hata hatujasalimiana vizuri: wote wanatazama mikunjo ya viwiko vyake, wanasikitika, halafu wanatoa tiba. "Mama, hiyo ni fangasi, kanunue ile ya tyubu." "Hiyo aleji ya mayai, dada, mkatishe." "Mpeleke baharini tu, wala usihangaike." Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, yeye ana liwa, ule unga wa mti wa kunukia unaopakwa mwilini. Ukikataa liwa ana mafuta ya nazi, na ukikubali mafuta ya nazi atakukumbusha kwamba alishasema tangu mtoto akiwa mchanga.

Hakuna hata mmoja anayetaja kiasi. Na mimi, baada ya miaka ya kuishi na pumu ya ngozi, yaani ekzema, ndani ya nyumba, nimefika mahali ambapo mtu akinitajia krimu swali langu la kwanza ni: ina gramu ngapi, na ni shilingi ngapi?

Nieleze. Ngozi yenye afya ina kazi mbili, kuzuia maji ya mwilini yasitoke na kuzuia vumbi, sabuni na vijidudu visiingie. Ngozi ya mtoto mwenye ekzema inavuja pande zote mbili. Inakauka, inawasha, anajikuna, inachanika, inavuja zaidi, inawasha zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, kule Scotland, walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa Ulaya wana hitilafu kwenye jeni la protini inayoitwa filagrini, ambayo ni mojawapo ya vitu vinavyoishikilia ngozi ya juu. Tafiti zilizofuata nchini Ethiopia na kwa Waxhosa wa Afrika Kusini zilikuta hitilafu hiyo ni adimu, kwa hiyo ngozi zetu huenda zinavuja kwa sababu nyingine. Ila ikishavuja, imevuja, na cha kwanza ni kuifunika kwa mafuta. Si kuipaka kidogo panapowasha. Kuifunika mwili mzima, asubuhi na jioni, hata wiki ambazo haionyeshi kitu.

Miongozo ya Uingereza inasema mtoto mwenye ekzema atumie kati ya gramu 250 na 500 za mafuta ya kulainisha kwa wiki. Soma tena: kwa wiki. Nilipoambiwa hivyo nilidhani daktari amekosea sifuri. Tyubu ya krimu ya kigeni yenye picha ya jani na neno "sensitive" mara nyingi ina gramu 50 au 100, na kwa bei yake mtu anaipaka kama anayetia chumvi kwenye mboga. Inakaa miezi miwili. Yaani haijatumika.

Ndiyo maana siku hizi nikiingia duka la dawa natoa simu na kugawanya. Tuseme tyubu ya gramu 50 ni shilingi 25,000: hiyo ni shilingi 500 kwa gramu. Tuseme kopo la gramu 250 la mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni shilingi 7,500: shilingi 30 kwa gramu. Sasa zidisha kwa mahitaji ya mwezi mzima, uone ni ipi utakayoendelea nayo ada ya shule ikifika. Dada wa dukani huwa ananitazama kwa huruma nikifanya hesabu hizi. Anataka kuniuzia ile ya 25,000, na simlaumu.

Lakini je, ile ghali si bora? Swali hilo liliwahi kupimwa vizuri. Mwaka 2022 zilitoka habari za jaribio lililofanyika Uingereza kwa watoto 550. Waligawanywa kwa kura katika makundi manne: losheni, krimu, jeli na mafuta mazito ya mgando. Baada ya wiki 16 hakuna kundi lililolishinda jingine kwa kupunguza ugonjwa. Tofauti ilikuwa kwa familia zenyewe: huyu hataki kinachonata, yule anachomwa na krimu, mwingine hapendi kuona shuka zimejaa mafuta. Miaka minne kabla ya hapo, jaribio jingine la watoto 482 liliangalia yale mafuta ya kumimina kwenye maji ya kuoga, na hayakuongeza faida ya maana juu ya utunzaji wa kawaida. Hela ya hayo tuliihamishia kwenye kopo.

Kwetu aliyeshinda ni vaselini ya kawaida, ile nyeupe isiyonukia chochote. Haina maji ndani, kwa hiyo haihitaji dawa za kuihifadhi, na hivyo vihifadhi na manukato ndivyo vinavyochoma au kuleta mzio kwenye ngozi iliyochanika. Ina ubaya wake. Dar es Salaam mwezi wa Februari, mtoto akipakwa vaselini nzito saa sita mchana anavuja jasho chini yake, na jasho nalo linawasha. Kwa hiyo mchana tunapaka krimu nyepesi yenye gliserini, usiku ndiyo vaselini. Shangazi yake aliyeko Makete hana shida hiyo. Kule Juni na Julai ngozi inapasuka kwa baridi na upepo, na watoto wake wanapakwa mgando hata kabla ya kwenda shule.

Jambo moja ambalo halisemwi dukani, ingawa kwenye nyumba zetu ni kubwa: mafuta haya yakilowa kwenye nguo na mashuka yanazisaidia kushika moto haraka, na kufua hakuyatoi yote. Mtoto aliyepakwa vaselini na kuvishwa fulana ya jana asikae karibu na jiko la mkaa wala kibatari.

Tuje kwenye mafuta ya mama mkwe, maana namheshimu na pia kwa sababu hapa hakukosea. Mafuta ya nazi yana ushahidi. Jaribio la Ufilipino kwa watoto 117, lililochapishwa mwaka 2014, liliyalinganisha mafuta ya nazi yasiyopikwa na mafuta ya madini, yale yatokanayo na petroli, na ya nazi yakafanya vizuri zaidi. Mafuta ya zeituni ndiyo yenye kesi. Najua nafasi yake kwa Waislamu wa pwani na sina neno na kuyala, lakini utafiti wa mwaka 2013 uliofanyika Uingereza kwa watu wazima ulionyesha kwamba yakipakwa yanadhoofisha tabaka la juu la ngozi, wakati ya alizeti hayakufanya hivyo. Msikimbilie basi kidumu cha alizeti cha Singida, kwani yaliyopimwa ni mafuta yaliyosafishwa. Mafuta ya shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda ni laini na wengi wanayapenda. Sisi yalitufaa mikononi, usoni yalimletea chunusi.

Liwa nimeikataa kwa adabu. Inakausha, na tunachopigania hapa ni unyevu. Mwarobaini uliochemshwa ulimchoma mpaka akalia. Bahari, sawa, akaogelee kama watoto wenzake, ila akitoka asuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi na apakwe mafuta palepale, maana chumvi ikikaukia kwenye nyufa ni kilio kingine.

Sabuni naipitia haraka. Ngozi ni chachu kidogo, sabuni ya mche ni kinyume chake kabisa, na zile za kuua vijidudu zinazosifiwa kwenye redio si nyepesi kuliko sabuni ya mche. Dodoki tumelitoa bafuni. Kama unaona krimu ya maji inayouzwa kwenye makopo kwa jina la "aqueous cream", ijue: nyingi zina kemikali ya povu inayokera ngozi, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu kuiacha mwilini. Itumike badala ya sabuni, kisha isuuzwe.

Hayo yote ni mafuta. Hayazimi ugonjwa ukishalipuka. Unapolipuka inahitajika dawa, na dawa ya kwanza ni steroidi ya kupaka, inayotuliza uvimbe na muwasho. Hapo ndipo akina mama tunagawanyika makundi mawili ambayo hayasikilizani.

Kundi moja linaziogopa kama sumu, na nalielewa. Steroidi kali ndizo zinazochanganywa kwenye mkorogo. Sote tunamjua dada fulani wa mtaani ambaye mashavu yamekuwa mekundu, mishipa inaonekana, mapaja yana michirizi, na jua likimpiga anaungua. Serikali ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, lakini tyubu zenyewe zinaendelea kupitishwa mkono kwa mkono. Mama aliyeona hayo, akiandikiwa tyubu hospitali na kukuta jina lilelile, anaifungia kabatini. Mtoto anaendelea kujikuna usiku kucha.

Kundi la pili halina woga wowote. Linanunua tyubu yenye dawa tatu kwa mpigo, ya steroidi, ya fangasi na ya bakteria, na kuipaka juu ya kila kitu kinachowasha. Inapoa kwa siku nne, wanaacha, inarudi, wanapaka tena. Mwaka mzima. Ubaya ni huu: kama ni fangasi kweli, steroidi inaficha dalili huku fangasi akisambaa, na hata daktari akija kutazama hatambui tena choa alikoanzia. Kama ni pumu ya ngozi, dawa ya fangasi haina kazi, ya bakteria inazoesha vijidudu usugu, na mojawapo ya hizo za bakteria, neomycin, inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi yenyewe. Na kama ni upele wa skabisi, ambao huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole na kumkuta kila mtu mnayelala naye, hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoua mdudu wake. Ningekuwa na uwezo wa kuondoa bidhaa moja kwenye rafu za maduka ya dawa ya nchi hii, ningeondoa hizo.

Aliyetutoa kati ya makundi hayo ni mtabibu wa ngozi kwenye hospitali ya wilaya, mmoja wa waliosomea Moshi. Pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wahitimu wake wametapakaa kwenye hospitali za Tanzania na nchi jirani ambazo daktari bingwa wa ngozi hajawahi kukanyaga. Alimwaga tyubu zangu zote mezani akazipanga kwa ukali, bila kujali jina la kibiashara. Alisoma maandishi madogo tu. Hydrocortisone asilimia 1 upande wa kushoto: nyepesi, inafaa uso na watoto wadogo. Betamethasone valerate asilimia 0.1 katikati, akasema hii ni kali, ya mwili na si ya uso, kwa siku chache. Clobetasol asilimia 0.05 akaisukuma mwisho kabisa wa meza. "Hii, mama, ni ya ngozi nene ya nyayo na viganja vya mtu mzima. Usoni kwa mtoto, hapana."

Kisha akanifundisha kupima. Kamua krimu kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni takribani nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Eneo la ugonjwa ni viganja vinne? Kamua mara mbili. Inapakwa mara moja kwa siku, palipochachamaa tu, mpaka patulie na kuwa laini, si mpaka pawe "afadhali". Ikishatulia, wale ambao ugonjwa hurudi mahali palepale wanaweza kuelekezwa na mtabibu kupaka siku mbili mfululizo kila wiki, ili kuuzuia usirudi. Mafuta ya kulainisha yanapakwa kwa wakati wake, yakiachana na dawa kwa muda, yasije yakaisambaza au kuipunguza nguvu.

Kuhusu ngozi kuwa nyembamba, nilimuuliza mara mbili, na baadaye nikasoma mwenyewe. Mapitio makubwa ya mwaka 2022 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio ya dawa hizi na kukuta ngozi kuwa nyembamba imeripotiwa kwa takribani asilimia 1 ya washiriki, zaidi kwa waliotumia krimu kali. Majaribio mengi yalikuwa ya wiki chache, kwa hiyo takwimu hiyo haimtetei anayepaka clobetasol shavuni tangu kidato cha pili. Inamtetea mama mwenye hydrocortisone kabatini.

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwa mwanangu wekundu hauonekani. Ngozi yake ikilipuka inakuwa ya kijivu au ya zambarau iliyokolea, na kabla ya hapo kuna vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo, kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Hivyo unavipata kwa kupapasa. Ukitumia macho tu utachelewa, na ukichelewa utahitaji dawa kali zaidi. Na ugonjwa ukiondoka unaacha mabaka, meusi au meupe. Hapo majirani wanasema krimu imemchubua mtoto. Mara nyingi ni ugonjwa wenyewe umechezea rangi, na rangi hurudi taratibu kwa miezi ukiudhibiti. Ukiacha dawa kwa sababu ya baka, unatengeneza baka jingine.

Piritoni inampa usingizi, haigusi muwasho wa ekzema kwa kiasi kikubwa. Kuna zahanati moja ilitupa "sindano ya aleji", na kwa wiki mbili tulidhani tumepona. Sindano za namna hiyo kwa kawaida ni steroidi inayozunguka mwili mzima, na ikiisha nguvu ugonjwa huweza kurudi na hasira kuliko ulivyoondoka. Ukipewa sindano, uliza jina lake na uliandike.

Chakula? Ndiyo, watoto wengine wana mzio wa kweli, hasa wadogo wenye ugonjwa mkali, na dalili huja upesi baada ya kula: midomo kuvimba, kutapika, vipele vya ghafla. Lakini kumkatisha mtoto mayai, maziwa, samaki na karanga kwa ushauri wa foleni ya benki ni kumnyima lishe. Wangu anakula mayai yake.

Palipolowa na kutoa maji tunatumia kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kwenye maji yenye pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kusafishia vidonda, kidogo sana, rangi ya waridi iliyopauka, kwa dakika kumi hivi. Ikizidi inaunguza. Ndoo na kucha zitabaki na rangi ya kahawia, mkubaliane nayo. Ukiona maganda ya rangi ya asali na usaha, bakteria wameingia, na hapo anahitaji kuonwa. Lakini vikitokea vijidonda vingi vya mviringo vinavyolingana, kama vimetobolewa, vinauma kuliko kuwasha, na mtoto ana homa, hiyo inaweza kuwa virusi vya herpesi vimesambaa kwenye ngozi iliyochanika. Ni hospitali siku hiyohiyo, na steroidi isimamishwe mpaka mtoto aonwe.

Zimebaki kope za macho, ambako vaselini ilisaidia nusu na steroidi haifai kukaa muda mrefu, kwani inaweza kupandisha presha ya jicho. Tuliandikiwa tacrolimus ya asilimia 0.03, ambayo inatuliza kinga ya ngozi bila kuifanya nyembamba. Siku za mwanzo inachoma kama pilipili, nasi tuliambiwa mapema, kwa hiyo hatukuitupa. Kuna dawa mpya zaidi, sindano za dupilumab zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017, lakini bei yake ni hadithi ya watu wengine. Hata tacrolimus niliitafuta maduka matatu makubwa ya mjini kabla ya kuipata, na kwa hesabu yangu ya gramu ndiyo krimu ghali kuliko zote zilizowahi kuingia nyumbani. Tyubu yenyewe ni gramu 10. Kope mbili kwa usiku zinahitaji punje ya mchele, basi, na mume wangu aliyeguna alipoona risiti ameacha kuguna, kwa sababu kopo la vaselini tumeshanunua jipya mara kadhaa na tyubu ile bado ipo nusu.